MTOTO AKIPELEKWA BUSTANINI, USISEME AMEPOTEZA SIKU



Wiki hii wazazi kadhaa wameniuliza jambo moja. Shule imetuma barua kwamba watoto watapelekwa kwenye bustani ya mafunzo hapa mjini, na mzazi alipe nauli ya basi na chakula cha mchana. Wanasema, "Pasta, mimi nalipa karo mtoto asome. Kuangalia sukuma wiki ni masomo gani? Sukuma si iko kwa mama mboga?"

Nitajibu kwa Neno, halafu nitasema na kanisa, maana hapa kuna jambo kubwa kuliko nauli.

KWANZA: Kazi ya bustani ilikuja kabla ya dhambi.
Soma Mwanzo 2:15 polepole. Adamu alikabidhiwa Edeni ailime na kuitunza wakati bado hajakosa lolote. Miiba na jasho tunavikuta sura ya 3, baada ya anguko. Jembe si laana, mpendwa. Lakini sisi tumelea watoto waone hivyo. Mtoto akichelewa shuleni anapewa fyekeo akate nyasi. Akipiga kelele anapewa jembe. Nyumbani tunamwambia, "Usiposoma utaishia kulima," na tunayasema hayo tukila ugali wa mkulima. Mtoto anajifunza kwamba udongo ni adhabu, na anayeushika ni mtu aliyeshindwa. Siku moja bustanini inaweza kuanza kuvunja uongo huo.

PILI: Hata watu wa mjini waliagizwa kupanda.
Wengine husema kulima ni mambo ya ushago. Fungua Yeremia 29. Nabii anawaandikia watu waliopelekwa uhamishoni Babeli, mji mkubwa ambao hawakuuchagua. Anawaagiza wajenge nyumba, wapande bustani, wale mazao yake, na wautakie mema mji huo. Hawakuambiwa wangoje mpaka warudi Yerusalemu! Sisi wengi tunaishi Nairobi kama abiria wa matatu. Moyo uko ushago, hapa tunalipa kodi tu. Lakini kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya kilimo cha mjini tangu 2015. Na baada ya ghasia za 2007 na 2008, familia nyingi Kibera zilipanda mboga kwenye magunia. Gunia linajazwa udongo na mbolea, katikati panawekwa mawe ili maji yafike chini, na pembeni linatobolewa matundu ya miche. Mtu wa chumba kimoja anavuna mlangoni pake. Mtoto aliyeona hayo hatakubali ukimwambia, "Sisi hatuna shamba."

TATU: Kuna somo ambalo kitabu peke yake hakiwezi kulifundisha.
Katika Mithali 24:30-34, mwenye hekima anapita kando ya shamba la mvivu. Anaona miiba, anaona ukuta umeanguka, anatafakari, anaondoka na funzo. Hiyo ni tripu ya shule! Naye Yesu, katika Marko 4:26-29, anatuonyesha mkulima anayelala na kuamka huku mbegu ikikua kwa namna asiyoielewa. Watoto wetu wamezoea kubonyeza simu na kupata jibu papo hapo. Haragwe halina haraka hiyo. Ukilimwagia maji mara kumi kwa siku, litaoza. Anayejifunza mapema kwamba kungoja si kukaa bure, somo hilo litamfaa kazini, kwenye ndoa, na kwenye maombi.

Tena atajifunza kuchuma sukuma kuanzia majani ya chini na kuacha kichwa, ili mmea uendelee kutoa. Ataona maganda ya ndizi yakigeuka mbolea. Na atajifunza kuuliza mboga hii imemwagiliwa maji gani, kwa maana tunajua nyingine mjini hapa hukuzwa kwa maji ya mitaro.

Sasa mzazi, usilipe ukiwa umefumba macho. Muulize mwalimu: watoto watapanda, au watapiga picha, wale chipsi, warudi? Na wakirudi, kuna nini shuleni? Vilabu vya 4-K, yaani Kuungana, Kufanya, Kusaidia Kenya, vilifufuliwa 2021. Basi mche upate mahali pa kukaa. Muulize pia kama hakuna bustani karibu, watoto waende kwa miguu na gharama ipungue.

NENO KWA KANISA.
Siku ya tripu, kuna mtoto atakayebaki darasani. Ataona basi likiondoka na wenzake wakiimba. Kesho yake mwalimu atafundisha kutokana na safari, naye hatakuwa na la kusema. Simlaumu mama yake. Mtu akiwa na shilingi mia tano, achague kati ya unga na nauli, atanunua unga, na amefanya vyema.

Ninawauliza ninyi mliolipia wa kwenu mapema. Katika Walawi 19:9-10 Mungu anamkataza mwenye shamba kuvuna mpaka ukingoni. Ule ukingo ni wa maskini na mgeni. Wewe huna shamba Nairobi, lakini una ukingo. Huenda mwezi huu ukingo wako ni nauli ya mtoto mmoja.

Kila ushirika wa nyumbani uulize kimyakimya ni nani amekwama. Lipeni moja kwa moja shuleni. Msitangaze kanisani, msimpige mtoto picha.

Na pale nyuma ya tangi la maji la kanisa pana nafasi imelala. Nitawaomba wazee tuanze na magunia kumi ya watoto wa Shule ya Jumapili. Mwenye gunia kuukuu, mbolea, au mbegu za managu na kunde, alete Jumapili.

Baba, fungua macho ya watoto wetu waone mkono wako katika mbegu ndogo. Tufundishe sisi wazazi kuacha ukingo. Katika jina la Yesu.

Andika AMINA, kisha umtumie mzazi mwenzako ujumbe huu. Mbarikiwe. 🙏