Kanda za Arusi Zina Wenyewe

Vijana wetu wenye simu za bei ghali wanasikiliza kwenye YouTube na WhatsApp taarabu iliyorekodiwa arusini kwa redio kaseti, miaka mingi kabla wao kuzaliwa. Sauti inakwaruza, kinanda kinapotea, mara mtoto analia karibu na maikrofoni. Studio ya leo ingeitupa. Mbona basi inapendwa?

Naona sababu ni ukaribu. Juma Bhalo, au Zein l'Abdin na udi wake, usiku wa arusi hakuimbia soko. Aliimbia waliokaa mbele yake, na fumbo likimfika mlengwa, watu walijua. Kanda ilinasa yote: vigelegele, kicheko, mwimbaji akivuta pumzi. Studio huyafuta hayo. Anayesikiliza kanda huhisi naye alialikwa.

Lakini mapenzi haya yana deni. Kanda hizo zilinakiliwa na kuuzwa, na sasa zinapakiwa mtandaoni, mara nyingi bila jina la aliyetunga maneno. Bhalo alifariki 2014, Zein 2016. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 hulinda utungo maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Yaani alichotunga Zein mwenyewe kina ulinzi hadi mwisho wa 2066. Sisi tunaojua uzito wa mirathi tusijifanye hatulioni hilo. Tena kuna sauti za mama zetu, walioimba wakijua wanasikizwa na wanawake wenzao tu. Nani aliwauliza?

Watetezi husema kanda zisingepakiwa zingeoza. Ni kweli, joto na unyevu wa pwani haviuhurumii utepe. Lakini kuhifadhi si kumiliki. Mwenye kanda kabatini aihamishe kwenye kompyuta sasa, aandike mwimbaji, mtunzi, mtaa na mwaka. Kabla ya kuipakia, abishe hodi kwa wenyewe. Na serikali zetu za kaunti, ambazo Katiba ya 2010 imezikabidhi utamaduni, maktaba na makumbusho, zitenge mahali pa kuweka nakala hizo kwa idhini ya familia.

Tunazipenda kanda hizi kwa sababu zinatuingiza nyumbani mwa watu. Basi tuingie kwa adabu ya mgeni.