Mtumishi wa Halmashauri Asiwe Mpita Njia

Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanaovuka kwenda Tanga kwa biashara huijua Korogwe kwa reli na mashamba ya mkonge, na Handeni huijua kwa kiu yake. Ni wachache waliopata kujiuliza ni nani hasa anayeziendesha wilaya hizo kila siku. Waziri hufika akaondoka. Anayebaki ni diwani, mtendaji wa kijiji, bwana afya na mhandisi wa halmashauri. Tunataka leo kuizungumza kazi yao, kwa kuwa inaharibika mbele ya macho yetu.

Hapana budi kukumbusha historia. Mwaka 1972 Serikali ilizivunja halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata baadaye. Siasa hiyo iliitwa Madaraka Mikoani. Jina lilikuwa zuri, lakini madaraka yaliangukia mikononi mwa maofisa waliotumwa kutoka juu, na mwananchi akabaki mtazamaji. Miji ilichakaa, mifereji ikaziba, na kipindupindu kilipoenea nchini mwishoni mwa miaka ya 1970 ilidhihirika kwamba hapakuwa na mwenye mji. Halmashauri za miji zikarejeshwa mwaka 1978. Sheria Namba 7 na Namba 8 za mwaka 1982 zikaweka msingi mpya, na mwaka 1984 halmashauri zikaanza tena kazi nchi nzima. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikiri mwaka huo huo kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Ofisi zilifunguliwa, lakini ujuzi uliotawanyika kwa miaka kumi na miwili haukurudi kwa kufungua milango.

Hasara ya namna hiyo yaonekana hata sasa, ila huja kidogo kidogo, kwa barua za uhamisho. Tutazame maji ya Handeni. Bomba kuu lililojengwa miaka ya 1970 huchota maji ya mto Pangani upande wa Korogwe na kuyapandisha hadi nchi kavu ya Handeni. Wilaya moja inakunywa maji yanayotoka katika ardhi ya nyingine. Mpango wa namna hiyo huhitaji watu wanaofahamiana, wanaojua bomba limepita shamba la nani na ahadi gani ilitolewa kwa kijiji kipi. Sheria ya maji ya mwaka 2019 iliyaondoa maji ya vijijini mikononi mwa halmashauri na kuyakabidhi kwa wakala, RUWASA. Huenda ni jambo jema kwa mafundi. Lakini ndoo zikiwa tupu, akina mama hawaendi kwa wakala. Wanakwenda kwa diwani, naye hana la kuwajibu. Juni 2022 mikataba ya maji ya miji 28 ilitiwa saini kwa mkopo wa Benki ya Exim ya India, na Handeni na Korogwe zimo. Visiwani nako mkopo wa benki hiyo hiyo umetumika kwa maji. Mkandarasi atakapofunga virago, ni nani atakayekumbuka alichoahidi?

Jambo zito zaidi ni Msomera. Tangu Juni 2022 familia kutoka Ngorongoro zimehamia katika kijiji hicho cha Handeni, na Serikali imejenga nyumba na huduma kwa ajili yao. Wapo wenyeji waliolalamika hadharani kwamba mashamba waliyoyalima yamegawiwa wengine. Sisi makada hatupaswi kuogopa kulitaja hilo. Shauri la ardhi haliamuliwi kwa ramani peke yake. Lamtaka mtumishi aliyekaa, aliyekunywa kahawa barazani na wazee wa pande zote mbili, anayejua mpaka wa zamani ulipita wapi. Mtumishi aliyeripoti mwezi uliopita, hata awe mwadilifu kiasi gani, atasoma jalada na kukosea.

Fedha nazo zimepungua. Kodi ya maendeleo ilifutwa mwaka 2003, na wananchi walishukuru kwa haki. Kodi ya majengo nayo tangu 2021 hukatwa mtu anaponunua umeme. Kila chanzo kinapohamia juu, mlipaji hupoteza sababu ya kuhudhuria mkutano kuuliza fedha yake imefanya nini.

Visiwani hali ina sura nyingine. Sheha huteuliwa, ilhali mwenyekiti wa kijiji huku Bara huchaguliwa, mara ya mwisho Novemba 2024. Hatusemi upande mmoja ndio bora. Sheha wengi hukaa miaka mingi na humjua kila mtoto wa shehia yake, na sisi wa Bara tungefaa kuwaonea wivu kwa hilo. Nao wa visiwani wangefaa kuutazama mkutano mkuu wa kijiji, ambamo kila mwenye miaka 18 ana haki ya kumhoji kiongozi wake.

Kwa wakubwa wa TAMISEMI tuna maombi matatu. Mkuu wa idara asihamishwe kabla ya miaka mitano bila baraza la madiwani kuelezwa sababu. Anayeondoka asome taarifa ya makabidhiano mbele ya baraza, siyo kuifungia kabatini. Na vijana wanaohitimu Chuo cha Serikali za Mitaa cha Hombolo waanzie vijijini, Kwamsisi au Mashewa, wapewe nyumba ya kuishi, na kupanda kwao cheo kupimwe hapo hapo walipo, ili anayetaka kukaa asilazimike kuhama ndipo apande.