Makombe Peke Yake Hayaupimi Mji

Aghalabu vijana wa Kilangali, wilayani Kilosa, wabishanapo juu ya kandanda, hoja hukatwa kwa kuhesabu makombe. Tangu ligi ya taifa ilipoanza mwaka 1965, makombe mengi yamechukuliwa na Simba na Yanga za Dar es Salaam. Mkoa wa Morogoro unayo machache: la Mseto la mwaka 1975, na yale ya Mtibwa Sugar ya mwaka 1999 na 2000. Kutokana na hesabu hiyo hudhaniwa kwamba vipaji huzaliwa mjini. Dhana hiyo haina msingi wa kisayansi, na yafaa ipingwe darasani.

Mkulima wa mpunga hadanganyiki hivyo. Akiambiwa kwamba shamba moja limetoa magunia 60 na jingine 40, kwanza huuliza ukubwa wa kila shamba. Magunia 60 katika ekari 4 ni 15 kwa ekari. Magunia 40 katika ekari 2 ni 20.

Miji nayo ipimwe vivyo hivyo. Katika ligi ya timu 16 zenye nguvu sawa, mji wenye timu 4 hutarajiwa kupata kombe 1 katika kila misimu 4, hali mji wenye timu 1 hungoja misimu 16. Tofauti hiyo huletwa na idadi ya timu, wala si ubora.

Kipimo kilicho bora zaidi ni kugawa pointi zilizopatikana kwa pointi zilizowezekana. Timu icheza­yo michezo 30 yaweza kupata pointi 90. Tuseme mji A una timu 1 iliyopata 54: hiyo ni asilimia 60. Mji B una timu 3 zilizopata 72, 45 na 36: jumla ni 153 kati ya 270, yaani chini ya asilimia 57. Mji B umetoa timu iliyo mbele zaidi, lakini mji A umefanya vyema kwa jumla.

Hata hivyo, kipimo hiki nacho kina kasoro. Simba na Yanga zikutanapo, pointi 3 zawezekana kwa kila timu, jumla 6. Moja ikishinda, Dar es Salaam hupata 3. Zikitoka sare, hupata 2 tu. Mji hauwezi kamwe kupita nusu katika mchezo huo. Hapana budi, basi, michezo ya timu za mji mmoja iondolewe kabla ya kulinganisha.

Yabaki suala la sababu. Kwa sensa ya mwaka 2022, mkoa wa Dar es Salaam ulikuwa na watu 5,383,728, na Morogoro 3,197,104. Watu hawafiki maradufu, bali makombe yamezidi mara nyingi. Idadi ya watu, basi, haitoshi kuwa jibu. Mtibwa iliinuliwa na kiwanda cha sukari. Azam, bingwa wa msimu wa 2013/14, iliinuliwa na kampuni kubwa. Tena wachezaji husajiliwa kutoka kila upande. Kwa kiasi kikubwa, kombe hupima mfuko wa klabu, si miguu ya watoto wa mji.

Kwa hiyo mwalimu asimruhusu mwanafunzi wa Kilangali kujiona duni kwa sababu ya jedwali la ligi. Wanaogawa fedha za michezo nao wasilitumie kuamua nani anastahili. Mkoa ukipungukiwa makombe, kwanza vihesabiwe viwanja vyake na walimu wake wa michezo.