Chanjo, Pepopunda na Swali Lisilojibiwa

Aghalabu mzazi anayekataa chanjo huitwa mjinga, na mjadala ukaishia hapo. Mtaa wa Dallas, Embu, waonyesha udhaifu wa hukumu hiyo. Hospitali kuu ya kaunti imo mjini humo humo, na shule hazikosekani. Hata hivyo shaka ipo. Si shaka isiyo na gharama. Nchini Kenya chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto atimizapo miezi 9. Kabla ya hapo, katika vyumba vilivyobanana, kinga yake hutegemea sana watoto wa majirani kuchanjwa, nao wataalamu husema takriban asilimia 95 ndiyo huizuia surua kuenea.

Wanaokataa si wa aina moja. Wafuasi wa Kavonokia, dhehebu linalojulikana Embu, Mbeere na Tharaka, hukataa tiba yote ya hospitali; jina lao latokana na kitenzi chenye maana ya kuokoka. Hao wana imani, hawana swali. Polisi wametumiwa kuwachukua watoto wao wachanjwe. Mtoto hukingwa, naam, lakini mzazi huzidi kujificha.

Kundi la pili, ambalo ndilo kubwa, lina swali. Mwaka 2014 maaskofu wa Kanisa Katoliki nchini walidai kwamba chanjo ya pepopunda ilikuwa na homoni ya kuwafanya wanawake wasizae. Serikali, Shirika la Afya Duniani na UNICEF zilikanusha. Lakini watu waliuliza: mbona wanawake wa miaka 14 hadi 49 peke yao? Jibu si gumu. Vijidudu humwingia mtoto mchanga kupitia kitovu kilichokatwa kwa chombo kichafu, na kinga ya mama humfikia angali tumboni. Badala yake umma uliambiwa tu kwamba dawa ni salama, jambo ambalo silo lililoulizwa.

Hapa ndipo wanaisimu na wanafasihi wa Kiswahili wanapohusika. Jina pepopunda limebeba pepo. Chanjo nayo yatokana na kuchanja, kazi waliyoifanya waganga kwa wembe kabla ya sindano kufika. Mabango ya afya, mengi yakiwa tafsiri za Kiingereza, huzipuuza maana hizo na kutoa amri.

Oktoba 2019 ilipoanzishwa chanjo ya HPV kwa wasichana wa miaka 10, swali lilikuwa lile lile: mbona wasichana tu? Maelezo kuhusu saratani ya mlango wa kizazi yangalipaswa kutangulia sindano, kwa Kiswahili na kwa Kiembu, yakiandikwa na watu wanaozijua lugha hizo.