Malezi: Je, Samaki Akikauka Hakunjiki Tena?



Mwezi uliopita, baada ya kikao cha akina mama, mwenzetu mmoja alibaki nyuma tukikunja mikeka pamoja. Mwanawe wa kiume, mwenye umri wa miaka 19, ameacha chuo na sasa anashinda kijiweni. "Dada," aliniambia, "samaki hukunjwa angali mbichi. Wangu amekwisha kukauka. Nimeshindwa." Machozi yalimlengalenga, nami sikuwa na jibu la haraka.

Methali ile ni ya kweli, nasi sote tumelelewa kwayo. Lakini je, ndiyo kweli yote?

Swali hili huwasumbua pia wale wanaofundisha saikolojia ya makuzi, yaani elimu ya jinsi mwanadamu anavyokua mwili, akili na moyo tangu kuzaliwa hadi uzeeni. Taabu yao ni kwamba maisha ni marefu. Mwanafunzi wa ualimu au uuguzi hawezi kukaa akimtazama mtoto mmoja kwa miaka 50. Ndiyo maana baadhi ya walimu hutumia filamu za hali halisi, zile zisizo na waigizaji, ambazo watu huonekana wakiishi maisha yao wenyewe.

Filamu mashuhuri za namna hii zilianzia Uingereza mwaka 1964. Kampuni ya televisheni ya Granada iliwahoji watoto 14 wenye umri wa miaka 7: wa matajiri, wa wafanyakazi, na wawili waliokuwa wakiishi katika makao ya watoto. Filamu hiyo, Seven Up!, ilijengwa juu ya msemo wa kwao unaofanana na methali yetu, kwamba mtoto wa miaka saba amekwisha kukuonyesha mtu mzima atakayekuwa. Michael Apted, kijana aliyesaidia kuwachagua watoto hao, aliwarudia kila baada ya miaka 7. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2019, wakiwa na miaka 63. Yeye mwenyewe alifariki mwaka 2021.

Hebu tuwatazame watatu kati yao.

Tony alikuwa mtoto mtundu wa mashariki ya London, mwenye ndoto ya kupanda farasi wa mashindano. Alipofika miaka 21, Apted aliamini kijana huyu ataishia jela, hata akampiga picha akizunguka katika mitaa iliyojulikana kwa uhalifu, ili ziwe tayari kwa filamu zijazo. Tony hakwenda jela. Akawa dereva wa teksi, akaoa na kulea watoto. Baadaye Apted alikiri wazi kwamba alikosea.

Neil, akiwa na miaka 7, alikuwa mchangamfu kuliko wengi. Alisema atakuwa mwanaanga, na ikishindikana, dereva wa basi la abiria. Alipofika miaka 21 alikuwa ameacha chuo kikuu, na kwenye miaka 28 alikuwa akitangatanga Scotland bila makao. Nani asingesema samaki huyu amekauka? Lakini alipofika miaka 42 alikuwa diwani jijini London, na baadaye akawa pia mhubiri katika kanisa lake. Maisha yake hayakugeuka mteremko, lakini hayakuishia pale barabarani.

Symon alikuwa mmoja wa wale wawili wa makao ya watoto, naye hakulelewa na baba yake. Katika utu uzima, yeye na mkewe waliwafungulia mlango watoto wasio na pa kukaa, wakawalea nyumbani mwao.

Mwalimu mwenye busara haonyeshi filamu hizi kwa mfululizo. Husimamisha picha mtoto akiwa na miaka 7, akawaambia wanafunzi waandike wanavyodhani atakuwa akiwa na miaka 21, kisha akaendelea. Wengi hushangaa jinsi walivyokosea. Hapo ndipo somo linapoingia: kuona ni kitu kimoja, kukisia ni kingine.

Hapo pia mafundisho ya mtaalamu Erik Erikson hueleweka. Katika kitabu chake cha mwaka 1950 alieleza kwamba mtu hupita hatua 8, kuanzia mtoto mchanga anayejifunza kumwamini mama yake, hadi mzee anayeyatazama maisha yake yaliyopita. Kijana yuko katika hatua ya kujitafuta mimi ni nani, na mtu mzima hutamani kuwatunza wanaomfuata. Mtu akimtazama Symon na watoto aliowapokea, haelezwi tena hatua hiyo maana yake nini.

Tahadhari nayo ni lazima. Kati ya watoto wale 14, wasichana walikuwa 4 tu. Na miaka saba ya mtu ikifupishwa kuwa dakika chache, ni mtengenezaji aliyechagua ya kuonyesha. Kosa la Apted kwa Tony linatufundisha kwamba hata mwenye kamera huja na hukumu yake mfukoni.

Nasi akina mama je, hatuna hukumu mfukoni? "Huyu mvivu kama mjomba wake." "Huyu atanitia aibu." Mtoto huyasikia, na mara nyingine huyaamini.

Huhitaji video kujifunza somo hili. Nunua daftari moja kwa kila mtoto. Kila siku yake ya kuzaliwa muulize anapenda nini, anaogopa nini, na angependa kuwa nani. Andika maneno yake, si maoni yako. Usilisome mbele za watu kumchekesha mtu. Baada ya miaka utaona mwenyewe jinsi mtoto anavyobadilika, na jinsi utabiri wako ulivyokuwa haba.

Mwenzetu yule nilimsimulia habari za Neil. Juzi aliniambia ameanza kumwekea mwanawe chakula na kukaa naye anapokula, bila kumhubiria. Jioni mbili za kwanza kijana alinyamaza. Ya tatu akasema, "Mama, hesabu zilinishinda, nikaona haya kukuambia." Chuo hajarudi. Lakini sasa mama anajua kilichomwondoa, na kijana anajua nyumbani kuna wa kumwambia.

Kumkunja samaki mapema ni wajibu wetu. Lakini mwanao si samaki, mama. Angali anakua.