Ngombe Yetu Iko Wapi?



Kwa karamu ya kufunga mwaka, sisi wa kelasi ya sita tulichanga feza ya kununua ngombe mzima. Tulikusanya juma sita, hata wadogo wa kelasi ya kwanza walitoa franga zao. Tulipofika sokoni feza ile ilitosha robo ya mnyama. Njiani kurudi tulisema kama wachuuzi wa nyama ni wezi, na shule nzima ikashika neno lile. Lakini tulirudi kuwauliza. Sasa tunaona tulikosea, na tunapashwa kusema wazi hapa, sababu ni sisi njo tulianza.

Ngombe nyingi za hapa Kisangani zinatoka Ituri, upande wa Djugu na Mahagi, kwenye milima ya majani. Mfugaji anangoja miaka mine hivi mpaka mnyama afikie kuchinjwa. Anamuuzia mchuuzi, munganga wa nyama anampima na kuandika karatasi, halafu kamyo: Komanda, Mambasa, Nia-Nia, Bafwasende, karibu kilometa 700 ndani ya pori. Mvua ikinyesha kamyo inalala ndani ya matope siku tatu, siku kumi. Ngombe amesimama, majani hapana, maji kidogo tu. Anakonda. Mchuuzi amekwisha kulipa mnyama mnene, na kila siku ananyanganywa kilo na barabara. Kila baryeri inataka yake. Mmoja akifa, bei yake inaingia katika bei ya wale wanaobaki. Na akifika mzima, nusu tu ya uzito wake njo nyama. Ingine ni kichwa, ngozi, miguu na matumbo. Mwenye duka hana umeme wa kutegemea, basi lazima auze yote siku ile ile ao atupe.

Bado hatujahesabu vita. Ituri iliungua kutoka 1999 mpaka 2003, tena katika Djugu tangu mwisho wa 2017, na makundi mengi ya ngombe yaliibwa. Katika 2021 magari yalichomwa njiani upande wa Irumu. Mtu anayepita na mali yake pale, je, tumwite mwizi?

Bei ya nyama ikiwa juu, mji unakula nini? Samaki ya Thomson ya frigo iliyovuka bahari, na nyama ya pori. Wote tunaipenda, tusidanganyane. Lakini wazee wa njia ya Bafwasende wanatuambia kama zamani mwindaji alitega karibu na kijiji, leo analala porini siku nyingi na kurudi na nyani mmoja.

Sasa iko wale wanaosema: pori si pahali pa ngombe, inzi ya tse-tse itaua yote. Ni kweli kwa ngombe ya milima. Lakini iko aina inaitwa N'Dama, fupi, bila nundu, asili yake Fouta-Djalon kule Guinea, inayovumilia ugonjwa ule. Jules Van Lancker aliileta Kolo, katika Bas-Congo, miaka ya 1920, na inchi yetu ikawa na makundi makubwa yake. Inzi hakuyamaliza. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kama mali ya wageni itapewa wazairwa, na wengi waliopata mashamba ya ngombe waliona feza tayari, wakachinja hata majike yenye mimba. Leo Kongo, kubwa namna hii, iko na ngombe karibu milioni moja tu.

Wala tusifikiri kujenga kiwanda kutatosha. Kenya ilianzisha shirika lake la nyama katika 1950, na machinjio makubwa Athi River. Lilifungwa, likafunguliwa tena katika 2006, na katika 2020 likawekwa chini ya Wizara ya Ulinzi. Na wale wako na ngombe mamilioni! Kiwanda bila mfugaji anayelipwa kwa wakati ni nyumba tu.

Namna inayotupendeza ni ile iliyotumiwa tangu zamani katika inchi yetu: mtu anapewa majike machache na dume, anayachunga, baada ya miaka anarudisha hesabu ile ile ili apewe mwingine, na wanaozidi ni wake. Hakuna feza ya kwanza inayotakiwa, inatakiwa uaminifu.

Wazazi wa komite wanajua tunaelekea wapi. Tumesikia kama uwanja wa majani nyuma ya shule utakatwa viwanja na kuuzwa. Tunawaomba kwa heshima: mngoje. Ngombe ine hazitashusha bei ya soko, tunajua hesabu. Lakini katika kelasi yetu watu 41, tulipouliza nani atasomea nini, 19 walisema sheria, na hakuna hata mmoja aliyesema mifugo, na IFA-Yangambi inafundisha kilimo hapa hapa mjini. Nani angefikiri ngombe, naye hajapata kuigusa ila katika sahani?

Karatasi ya wale watakaochunga kwa zamu iko kwenye mlango wa kelasi ya sita. Mpaka jana jioni iko na majina manne, na moja limeandikwa kwa mchezo.

Mukubwa wa wanafunzi, kwa niaba ya kelasi ya sita