Kiboko wa karatasi haundwi kwa usiku mmoja

Huenda leo jioni, sare za shule zikiwa zimekwisha kupigwa pasi, mwanao akakujia taratibu na kukunong'onezea kwamba kesho mwalimu anataka mnyama mkubwa wa karatasi. Tangu mtaala wa umilisi ulipoanza kutumika katika shule za Kenya mwaka 2019, habari za namna hii zimewanyima wazazi usingizi. Wapo wanaokimbilia kwa fundi na kulipa. Jumatatu mtoto huingia darasani na tembo mzuri, lakini akiulizwa alivyomuunda, huinamisha kichwa.

Usimlipe fundi. Mwandikie mwalimu barua fupi, umwombe wiki mbili. Kazi yenyewe tutaifuata kama inavyoweza kufanywa Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, kwani huko vifaa vyake havihitaji kununuliwa sana. Wakazi wa Nairobi na Eldoret nao watavipata sokoni.

Ufundi huu huitwa papiemashe, jina la Kifaransa lenye maana ya karatasi iliyotafunwa. Hakuna anayetafuna chochote. Karatasi hulowekwa katika gundi na kubandikwa.

Kwanza, mnyama gani? Mtoto wa Busia aionaye bendera ya Uganda ng'ambo ya barabara aweza kumtaka yule korongo mwenye taji. Mkatalie kwa upole. Korongo wa bendera amesimama kwa mguu mmoja; wenu atalala kifudifudi kabla rangi haijakauka. Twiga naye ana taabu ya shingo. Mimi nasema kiboko, ambaye wakazi wa Budalang'i, kusini mwa kaunti hiyohiyo ya Busia, wanamjua kwa kula mimea yao. Ana miguu mifupi, tumbo kama pipa, na shingo haionekani. Dume hufikia urefu wa mita 3.5 hivi na kimo cha mita 1.5 begani. Mwanao agawe kwa 3: atapata mnyama wa mita 1.2 hivi, kimo nusu mita. Kisha apime mlango wa nyumba na wa darasa. Usicheke, jambo hili husahaulika.

Sasa mifupa. Miguu minne iwe ya vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwenye ubao mmoja wa uti wa mgongo. Tumbo liundwe kwa mafunjo makavu, yale ya vinamasi vya Mto Sio yanayosukiwa mikeka, maana ni mepesi. Yapindwe yawe duara na kufungwa kwa kamba. Juu yake funika maboksi ya bidhaa, ambayo katika miji hiyo miwili hayakosekani nyuma ya maduka. Ndani acha wazi. Ukishindilia magazeti tumboni, unyevu utabaki humo na mnyama atanuka.

Gundi ni uji wa muhogo. Koroga kikombe 1 cha unga katika maji baridi, kisha mimina katika vikombe 5 vya maji yanayochemka, ukikoroga hadi uwe mzito na wa kung'aa. Tia kijiko cha chumvi ili ukungu uchelewe. Hapa ndipo mzazi anapofaa, karibu na moto. Uji ukipoa, kaa kando.

Karatasi zichanwe kwa mkono, upana wa vidole viwili. Usizikate kwa makasi, kwani ukingo uliochanwa hulala vizuri. Tabaka la kwanza liwe la gazeti, la pili la karatasi ya kaki, mkibadilishana hivyo ili mtoto aone alipofika. Mifuko ya saruji ya karatasi ni imara sana, ila siku hizi mingi ni ya plastiki iliyosukwa. Ukipata ya karatasi, tumia matabaka ya ndani yasiyo na vumbi, maana saruji huunguza ngozi.

Baada ya matabaka 3, simameni. Hapa ndipo vibanda vya viboko huanguka! Mtoto hutaka kumaliza, nawe unataka sebule yako. Lakini karatasi mbichi juu ya karatasi mbichi huoza. Wakati wa masika, mvua za huko nyanda za ziwa hupenda kunyesha alasiri, kwa hiyo kiboko aanikwe asubuhi na kuingizwa ndani kabla ya mawingu. Usimsogeze kwenye jiko, atakauka nje tu. Mwanao aweke shavu juu ya tumbo lake. Likiwa baridi, bado. Likigongwa na kulia kama kibuyu, endeleeni hadi matabaka 7. Usiku alale juu ya meza, kwa kuwa panya na mende wanaupenda muhogo kuliko sisi.

Rangi isikusumbue. Rangi nyeupe ya ukutani iliyobaki, ikichanganywa na mkaa uliosagwa na udongo mwekundu uliochekechwa, hutoa kijivu chenye wekundu kinachofaa kabisa. Meno ni ya kadibodi.

Limebaki la usafiri. Jina bodaboda lilizaliwa mpakani huko, kwa baiskeli zilizobeba watu kati ya vituo vya Kenya na Uganda, lakini kiboko huyu msimfunge nyuma ya pikipiki; upepo utang'oa masikio. Kodini mkokoteni, mtandikeni gunia, na mtoto atembee kando akiwa ameushika mgongo.